Zanzibar ndani ya CAF, Zanzibar nje ya CAF: kisa cha miezi minne ya 2017

Alhamisi ya tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, Mkutano Mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) ulifanya mambo mawili kwa siku moja. Ulimwondoa Issa Hayatou wa Cameroon, aliyekalia kiti cha urais tangu 1988, ukampa Ahmad Ahmad wa Madagascar kwa kura 34 dhidi ya 20. Ukaipokea pia Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Magazeti ya dunia yaliandika habari ya Hayatou. Unguja na Pemba watu walisherehekea habari ya pili.

Ijumaa ya tarehe 21 Julai mwaka huohuo, mjini Rabat, CAF ilikutana katika mkutano mkuu usio wa kawaida na kuufuta uanachama huo. Rais mpya alisema Zanzibar haikustahili kupokelewa tangu mwanzo. Nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na suala la nani ni nchi linaamuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Miezi minne na siku tano, basi. Zanzibar haikucheza hata mechi moja ya kimashindano ikiwa mwanachama kamili.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama dhuluma ya CAF, au kama uzembe wa waliopiga kura Addis bila kusoma katiba yao. Yote mawili yana ukweli. Lakini ukikifuata kwa nyuma utakuta njia inayoanzia mbali na uwanja wa mpira na inayopita ndani ya hati za Muungano wa 1964. Rabat ndipo ilipotangazwa hukumu. Kesi yenyewe ilikuwa nyumbani.

Kandanda iliyoutangulia Muungano

Tuanze na umri wa mambo. Mashindano ya Afrika Mashariki yaliyoanza 1926 kwa jina la Kombe la Gossage, yakidhaminiwa na mtengenezaji wa sabuni, yalianza na Kenya na Uganda peke yao. Tanganyika iliingia 1945. Zanzibar iliingia 1949. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, timu ya Zanzibar ilikuwa na miaka 15 ikicheza dhidi ya majirani zake kama timu ya nchi.

Muungano ulipokuja, hakuna aliyeivunja. Kombe likabadili jina na kuwa Chalenji, CECAFA, shirikisho la soka la Afrika Mashariki na Kati, ikazaliwa, na Zanzibar ikaendelea kuingia na jina lake, jezi yake na benchi lake. Mwaka 1995 ikaenda Uganda na kurudi na kombe. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Michenzani au Chake Chake amekua akijua kwamba kuna timu inayoitwa Zanzibar Heroes, na kwamba mwezi wa Chalenji Heroes inaweza kupangwa na Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara, na siku hiyo hapana udugu mpaka filimbi ya mwisho. Klabu nazo ni hivyohivyo. Bingwa wa Zanzibar anashiriki mashindano ya CAF kwa nafasi yake mwenyewe, bila kupitia ligi ya Bara. KMKM, JKU, Mlandege na Zimamoto zote zimewahi kupanda ndege kwa tiketi hiyo.

Hali hiyo ilipata jina rasmi mwaka 2004, CAF ilipoipa Zanzibar uanachama mshiriki. Klabu zinacheza, timu ya taifa haichezi AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, na chama hakina kura. Unakaribishwa mezani lakini hupewi kisu.

FIFA ilikuwa jambo jingine kabisa. Maombi ya Zanzibar huko yaligonga mwamba, na mwaka 2006 Heroes ikajikuta Hamburg, Ujerumani, kwenye mashindano ya timu zisizo na FIFA yaliyoandaliwa na klabu ya St. Pauli. Walikuwamo Greenland, Tibet, Cyprus ya Kaskazini na Gibraltar. Zanzibar ilifika fainali, ikatoka 0-0 na Cyprus ya Kaskazini na kupoteza kwa penalti. Naomba msomaji aikumbuke Gibraltar. Tutairudia.

Michezo si ya Muungano, mambo ya nje ni ya Muungano

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo, na ndipo wachambuzi wengi wa soka wanapopita haraka kwa sababu panahitaji kufungua Katiba.

Hati za Muungano za 1964 zilitaja mambo 11 yatakayoshughulikiwa kwa pamoja. Leo orodha iliyomo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 imefika 22. Ulinzi umo. Uraia umo. Sarafu imo. Michezo haimo. Ndiyo maana Zanzibar ina wizara yake inayosimamia michezo, ina sheria zake, na chama chake cha soka (ZFA wakati ule, ZFF sasa) si tawi la TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Waziri wa michezo wa Muungano hana mamlaka juu ya ligi ya Unguja, kama ambavyo hana juu ya shule za msingi za Pemba.

Lakini jambo la pili kwenye orodha hiyo ni mambo ya nchi za nje. Basi tumepata hali ya ajabu: soka ni mali ya Zanzibar mpaka ufike ukingo wa bahari, na ukivuka unahitaji pasipoti ya mwingine. Chama cha Zanzibar kina mamlaka kamili ya kuendesha mpira ndani, ila hakina dola ya kukidhamini nje, kwa sababu dola inayotambulika nje ni moja, na chama chake cha soka kimeshasajiliwa FIFA tangu 1964. Chama hicho ni TFF.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Zanzibar iliwahi kuwa na dola hiyo. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na siku sita baadaye ikakaa kwenye kiti chake Umoja wa Mataifa. Mapinduzi yalifuata tarehe 12 Januari 1964, na Muungano Aprili. Kiti kilidumu kwa miezi minne hivi. Uanachama kamili wa CAF nao ulidumu miezi minne. Sitaki kulipa hilo uzito usio wake. Ni sadfa, ila Wazanzibari wenye kumbukumbu ndefu waliitaja.

Wana kisa kingine cha kukumbuka. Mwishoni mwa 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, bila kupitia serikali ya Muungano. Jambo lilipofumuka, Bunge likawaka moto, wabunge wa Bara wakadai kwa hasira serikali ya Tanganyika, na Agosti 1993 Zanzibar ikajitoa. Hoja iliyoiondoa ilikuwa ileile: mwenye kujiunga na jumuiya za nje ni Jamhuri ya Muungano. Mtu anaweza kusema OIC ilikuwa na dini na siasa ndani yake, na soka ni mpira tu. Kisheria havina tofauti. Aliyesoma habari ya 1993 asingeshangaa sana 2017.

Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimama bungeni akasema Zanzibar si nchi, kwa maana ya dola mbele ya mataifa. Visiwani ilipokewa kama tusi. Miaka miwili baadaye Baraza la Wawakilishi likajibu kwa marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yanayosema wazi kwamba Zanzibar ni nchi, na kwamba ni mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Tangu hapo tuna katiba mbili zinazosomeka tofauti juu ya jambo la msingi kabisa, na zote mbili ziko kazini. Ahmad Ahmad aliposema "nchi moja, chama kimoja", huenda bila kujua alikuwa anakata shauri la mgogoro ambao Dodoma na Unguja walikuwa wameamua kuishi nao bila kuukata.

Kwa nini 2017, na nani alikuwa akipata nini

Siku ya Addis haikutoka hewani. Kanuni za FIFA zina mlango wa pembeni: chama cha eneo lisilo huru kinaweza kuomba uanachama kama chama cha nchi mama kimekubali. TFF ilikuwa imetoa baraka zake. Huko Visiwani hali ya kisiasa ilikuwa nzito. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa umefutwa, ule wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na CUF, na maridhiano yaliyozaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa 2010 yalikuwa yamevunjika. Katika hali hiyo, kulikuwa na mambo machache mno ambayo mwana-CCM wa Kusini Unguja na mwana-CUF wa Wete wangeyashangilia pamoja. Uanachama wa CAF ulikuwa mmojawapo. Naliona hili kuwa kubwa kuliko mpira wenyewe: kwa wiki chache utambulisho wa Uzanzibari ulisimama bila kudaiwa na chama chochote.

Faida za mkono zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kushiriki mechi za kufuzu AFCON. Droo ya AFCON 2019 ilikuwa imeshachezeshwa Januari 2017, kwa hiyo nafasi ya mwanzo ingekuwa duru iliyofuata. Ya pili ni kura moja katika CAF, sawa na ya Misri au Nigeria. Na ya tatu ni fedha, ingawa hapa watu walichanganya mafaili. Fedha nono zinatoka FIFA. Chini ya mpango wake wa maendeleo ulioanza 2016, kila chama mwanachama kilitengewa hadi dola milioni 1.25 kwa mwaka. CAF pekee isingeifikisha Zanzibar huko. Ingeifikisha karibu na mlango, na ingelipa nguvu lalamiko la muda mrefu la Visiwani kwamba fungu linalopitia TFF haliwafikii inavyostahili.

Kombe la Dunia halikuwamo kabisa. Wapo waliodhani limo, na hakuna kiongozi aliyejisumbua kuwasahihisha.

Gharama je? Hapo ndipo ninapowalaumu viongozi wa pande zote mbili, maana gharama ilikuwapo na haikujadiliwa hadharani. Kwenye Chalenji mchezaji wa Kizanzibari anavaa jezi ya Heroes, na kwenye AFCON anavaa ya Taifa Stars. Nadir Haroub "Cannavaro" alikuwa nahodha wa Taifa Stars na bado alikuwa wa Heroes. Feisal Salum, "Fei Toto", alitoka JKU ya Unguja akahamia Bara 2018, na amezivaa jezi zote mbili bila mtu kumwuliza yeye ni nani hasa. Mpangilio huu unawezekana kwa sababu Chalenji na AFCON hazigongani. Zanzibar ingeingia kufuzu AFCON kwa jina lake, dirisha la mechi za kimataifa lingekuwa moja na timu mbili. Fei Toto angelazimika kuchagua. Taifa Stars iliyofuzu AFCON 2019, kwa mara ya kwanza tangu 1980, ingeanza kujengwa upya bila watu wa Visiwani, au na wale watu wa Visiwani ambao wangekubali kuitwa wasaliti nyumbani kwao.

Sisemi kwamba hiyo ingetosha kuikatalia Zanzibar. Wachezaji wa Visiwa vya Faroe wanaichezea Faroe, si Denmark, na dunia haijaanguka. Nasema kwamba uamuzi unaogusa utambulisho wa kila mchezaji wa Kizanzibari ulipitishwa Addis bila hao wachezaji kuambiwa utawagusa vipi.

Hoja ya CAF haishiki, ila haikuhitaji kushika

Tuipime sasa hoja ya Rabat kwa uzito wake. Nchi moja, chama kimoja. Ukiingia FIFA wenyewe unakuta Uingereza ina vyama vinne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini. Unakuta Hong Kong na Macau pamoja na China. Unakuta Puerto Rico, New Caledonia, Tahiti. Ukienda Amerika ya Kati na Karibi unakuta Guadeloupe, Martinique na Guiana ya Ufaransa, ambazo ni mikoa ya Ufaransa kabisa, kwa sheria za Ufaransa na kwa sarafu ya yuro, lakini tangu 2013 ni wanachama kamili wa CONCACAF, shirikisho la soka la ukanda huo, wakiwa nje ya FIFA. Jocelyn Angloma aliichezea Ufaransa, kisha akiwa mzee kisoka akaichezea Guadeloupe kwenye Gold Cup 2007 na kufika nayo nusu fainali. Hicho ndicho Zanzibar ilichokuwa ikikiomba, na shirikisho lenye uzito sawa na CAF lilikuwa limeshakitoa miaka minne kabla.

Ile Gibraltar ya Hamburg sasa. Wakazi wake wanazidi kidogo 30,000, wakati sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773. Iliomba, ikapingwa vikali na Hispania, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikabadili kanuni zake 2001 ili mwanachama lazima atambuliwe na Umoja wa Mataifa, Gibraltar ikaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo huko Lausanne kwa hoja kwamba iliomba kabla ya kanuni kubadilika, na ikashinda. UEFA iliipokea 2013, FIFA 2016. Karibu miaka 20 ya mawakili. Siri ya Gibraltar haikuwa ukubwa wake wala ubora wa timu yake. Ilikuwa na serikali iliyokuwa tayari kulipa, na London haikuwa ikiivuta shati kwa nyuma.

Kwa hiyo kanuni ya "nchi moja" ina matundu ya kutosha kupitisha Zanzibar. Anayeamua nani apite kwenye tundu ni siasa ya mwenye dola, na CAF ilikuwa na sababu zake za kuogopa matundu. Mkutano ulikuwa Rabat. Morocco ilikuwa imerejea Umoja wa Afrika Januari 2017 baada ya kukaa nje zaidi ya miaka 30, na iliondoka kwa ajili ya Sahara Magharibi, ambayo ni mwanachama wa Umoja huo. Kila chama cha eneo lenye ubishi wa dola kikipokelewa, Rabat inahesabu ni lini Wasahrawi watabisha hodi. Hii ni tafsiri yangu, sikuikuta kwenye tamko lolote la Julai 2017. Ila angalia kilichofuata: Machi 2021, Rabat tena, mkutano mkuu wa CAF ulipitisha pendekezo la Morocco kwamba mwanachama awe ni nchi huru inayotambuliwa na Umoja wa Mataifa. Ule Umoja wa Afrika uliotajwa na Ahmad 2017 haukuwa kipimo tena, na unaelewa kwa nini. Kanuni iliyotungwa kwa hofu ya Sahara ikaifungia Zanzibar kwa kufuli la pili, na sidhani kama kuna aliyeifikiria Zanzibar siku ile.

Na Tanzania? Ilikuwa wapi Julai 2017? TFF ilikuwa kwenye pilikapilika za uchaguzi wake wa Agosti. Serikali ya Muungano haikuwa na sababu ya kugombana na shirikisho zima la Afrika kwa ajili ya jambo ambalo, likifanikiwa, lingeanzisha maswali: kama soka inaruhusiwa, kwa nini si uanachama katika jumuiya nyingine? OIC ingerudi mezani wiki hiyohiyo. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ) kwa upande wake isingeweza kupiga kelele sana bila kuonekana inaupiga vita Muungano ambao chama chake tawala ndicho mlezi wake. Kila mmoja alisikitika kwa sauti ya wastani. ZFA, kwa historia yake ya migogoro ya uongozi iliyofika mara kadhaa mahakamani, haikuwa chama cha kuingia vita ya mtindo wa Gibraltar.

Machakos

Miezi mitano baada ya Rabat, Heroes ilikwenda Kenya kwenye Chalenji ya Desemba 2017. Kocha alikuwa Hemed Suleiman, anayejulikana kwa jina la Morocco. Ndiyo, Morocco. Kandanda haina haya.

Walianza kwa kuifunga Rwanda 3-1. Kisha ikaja Kilimanjaro Stars, na Zanzibar ikashinda 2-1. Ushindi huo ulisomwa Visiwani kwa namna ambayo Bara hawakuelewa kikamilifu. Kwa Bara ilikuwa mechi mbaya ya makundi. Kwa Zanzibar ilikuwa jibu kwa watu ambao hawakuwapo uwanjani: wale wa Rabat, na wale wa bungeni. Wakatoka sare na Kenya, wakapoteza kwa Libya, wakaiondoa Uganda 2-1 nusu fainali Kisumu, na Jumapili ya tarehe 17 Desemba wakakutana tena na Kenya fainali, uwanja wa Kenyatta, Machakos.

Kenya ilitangulia mapema kwa bao la Ovella Ochieng. Khamis Musa Makame akasawazisha dakika za lala salama. Muda wa nyongeza Masoud Juma akaipa Kenya la pili, na dakika mbili hazijapita Makame akarudisha tena. 2-2. Kwenye penalti kipa Patrick Matasi akawa ukuta, Kenya ikashinda 3-2.

Timu iliporudi Unguja ilipokewa kama bingwa. Niliwasikia watu wa Bara wakicheka: mshindi wa pili anapokelewaje hivyo? Hawakuona kwamba haikuwa sherehe ya medali ya fedha. Chama cha soka kilichoambiwa si cha nchi kilikuwa kimetoka kuishinda Bara, kuiondoa Uganda na kuisumbua Kenya kwake, chini ya bendera ya Zanzibar ambayo kwenye kona yake ina bendera ya Muungano. Bendera yenyewe imebeba kisa chote, na haikuombwa maelezo.

Yaliyofuata

Hemed Morocco aliingia benchi la Taifa Stars. Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, kocha mkuu Adel Amrouche alifungiwa mechi nane na CAF kwa maneno yake kuhusu ushawishi wa Morocco (nchi, safari hii), na aliyekabidhiwa timu ni Morocco (mtu). Stars ikatoka sare ya 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo. Novemba 2024 aliiongoza kuifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam na kufuzu AFCON 2025. Kocha wa timu iliyokataliwa na CAF ndiye aliyeipeleka Tanzania kwenye kombe la CAF. Wazalendo wa Muungano walilitaja hili kama ushahidi kwamba tuko pamoja. Wazanzibari wengi walilitaja kama ushahidi wa kile wanachoweza wakiachwa wenyewe. Wote walikuwa wakimshangilia mtu yuleyule.

Uwanja wa Amaan ulijengwa upya na kufunguliwa Desemba 2023, na Zanzibar ikaanza kuwa mwenyeji wa mashindano ambayo haiwezi kuyacheza. Mei 2025 Simba ilicheza hapo marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, kwa sababu uwanja wa Mkapa haukuwa tayari. Sare ya 1-1, Waarabu wakaondoka na kombe kwa jumla ya 3-1. Klabu ya Bara, nyumbani Unguja, dhidi ya klabu ya Morocco. Agosti mwaka huo CHAN, kombe la CAF la wachezaji wa ligi za ndani, ikapeleka kundi moja Amaan: Senegal, Congo, Nigeria na Sudan. Sudan, ambayo vita vimeinyima uwanja wa nyumbani, iliifunga Nigeria 4-0 mbele ya mashabiki wa Zanzibar. Kwa CAF, Amaan ni uwanja halali wa kimataifa. Wenye uwanja ndio wasio na sifa.

Mapema mwaka huohuo Kombe la Mapinduzi liliachana na klabu na kualika timu za taifa. Heroes ikaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali iliyochezwa Gombani, Pemba, tarehe 13 Januari 2025. Burkina Faso ni mwanachama kamili wa CAF. Sikusikia mtu yeyote Gombani akilisahau hilo.

Mlango uliobaki

Kwa kanuni ya 2021, kurudi CAF kwa mlango wa mbele hakuwezekani bila CAF kubadili tena katiba yake, na Morocco haitakaa kimya. Lausanne haisaidii kama ilivyoisaidia Gibraltar, maana hoja ya kuomba kabla ya kanuni ina nguvu kwa yule tu ambaye ombi lake lilibaki hai. Kilichobaki kiko nyumbani, na kilishaandikwa. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na kifungu kinachoziruhusu pande za Muungano kuanzisha uhusiano na taasisi za kikanda na za kimataifa kwa mambo yasiyo ya Muungano. Michezo ingekuwa ya kwanza kunufaika. Kura ya maoni juu ya katiba mpya ilipangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa mpaka leo.

Kama kifungu hicho kingekuwa sheria Machi 2017, Zanzibar ingekwenda Rabat na karatasi ya dola yake wenyewe: Jamhuri ya Muungano inasema jambo hili ni la Zanzibar, na tumelikubali kikatiba. Ahmad angeweza bado kukataa. Lakini angelazimika kuikatalia Tanzania, yenye kiti Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika, na kuieleza kwa nini Guadeloupe inaweza na Zanzibar haiwezi. Badala yake alikutana na chama cha soka kilichobeba barua ya chama kingine cha soka.

Kwa sasa jambo linalowezekana bila idhini ya mtu wa nje ni dogo na halina shangwe: mkataba wa maandishi kati ya TFF na ZFF unaosema ni asilimia ngapi ya fedha za FIFA inavuka bahari, inavuka lini, na nani anakagua. Huo hauhitaji Rabat, wala kura ya maoni, wala kukubaliana kama Zanzibar ni nchi.